SOMO LA TEKNOLOJIA: Skrini Mbili kwa Kompyuta Moja, Bila Kununua Kadi ya Grafiki

Siku hizi huduma nyingi za serikali hutafutwa mtandaoni. Kibali cha biashara, ritani za KRA, maombi ya mkopo wa HELB na uteuzi wa kozi kupitia KUCCPS hujazwa kwenye kompyuta, na mara nyingi hujazwa saiba. Anayejaza hulazimika kutazama vitu viwili kwa pamoja: fomu yenyewe, na nakala ya kitambulisho au cheti anachonakili kutoka kwacho. Kwenye skrini moja anafungua hiki, anafunga kile, anarudi tena. Hapo ndipo tarakimu moja hurukwa, na mwananchi huja kugundua baadaye kwamba ombi lake limekataliwa.

Skrini ya pili hupunguza usumbufu huo. Humfaa mwenye saiba, karani wa chama cha ushirika anayelinganisha daftari na benki, mwalimu anayejumlisha alama, na kijana anayefanya kazi za mtandaoni. Hata hivyo, watu wengi wakisikia habari za skrini mbili hudhani ni lazima wanunue kadi ya grafiki. Kwa kazi za ofisi, si lazima. Huenda kompyuta uliyo nayo tayari inaweza kuendesha skrini mbili, na kinachokosekana ni kebo moja tu. Somo hili litakuonyesha jinsi ya kujua, jinsi ya kuunganisha, na jinsi ya kupanga skrini hizo bila kuanika siri za wateja wako.

Grafiki ya ndani ni nini?

Kila kompyuta huhitaji sehemu ya kuchora picha inayoonekana kwenye skrini. Kompyuta za michezo na za kuhariri video huwa na kadi ya pekee kwa kazi hiyo, yenye kumbukumbu yake. Kompyuta za kawaida hazina kadi. Sehemu ya kuchora picha imejengwa ndani ya prosesa yenyewe, nayo hutumia sehemu ya RAM ya kompyuta. Hiyo ndiyo tunayoiita grafiki ya ndani.

Je, skrini ya pili haitailemea? Tufanye hesabu. Skrini ya kawaida ya leo ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani nukta zaidi ya milioni 2. Kila nukta huchukua baiti 4. Picha moja kamili ni takriban megabaiti 8 tu. Kwa kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 au 8, hicho ni kitu kidogo sana. Kinachoila RAM ni programu unazofungua, hasa kurasa nyingi za intaneti. Kwa hiyo kama kompyuta yako ina gigabaiti 4 na inajikokota, pesa zako za kwanza ziende kwenye RAM, si kwenye kadi ya grafiki.

Hatua ya 1: Soma kibandiko, kisha hesabu matundu

Tazama kibandiko cha prosesa mbele ya mashine, au fungua "Settings", kisha "System", kisha "About". Kwa prosesa nyingi za Intel Core zenye namba ya tarakimu nne, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi: i5-2400 ni kizazi cha pili, i5-3470 ni cha tatu, i5-4570 ni cha nne. Kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 2011, huendesha skrini mbili. Kuanzia kizazi cha tatu cha mwaka 2012, grafiki ya ndani inaweza kufikisha skrini tatu, mradi matundu yawe ya aina inayofaa.

Tahadhari moja: prosesa za Intel ambazo namba yake huishia kwa herufi F, kama i5-10400F, hazina grafiki ya ndani kabisa. Mashine ya aina hiyo haitaonyesha kitu bila kadi. Ukinunua kompyuta, soma namba hiyo hadi herufi ya mwisho.

Sasa geuza mashine utazame nyuma, mahali palipo na matundu ya USB na ya waya wa intaneti. Tafuta haya:

VGA: mara nyingi ni la buluu, lina matundu madogo 15 katika safu tatu, na skrubu pande zote mbili. Usilichanganye na tundu la pini 9 zilizochomoza, ambalo si la skrini.

DVI: ni pana, mara nyingi jeupe, lenye skrubu na mwanya mmoja bapa upande mmoja.

HDMI: ni dogo na bapa, kama lile la runinga. Pembe zake mbili za chini zimepunguzwa.

DisplayPort: hufanana na HDMI, lakini pembe moja tu ndiyo iliyokatwa.

Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa madukani kwetu zilikuwa za ofisi huko ng'ambo, na kwa kawaida huwa na zaidi ya tundu moja la skrini. Kwa mfano, Dell OptiPlex 7010 na HP EliteDesk 800 G1 zina VGA moja na DisplayPort mbili. Mwenye mashine kama hizo aliyezoea kutumia VGA peke yake amekuwa na matundu mawili yasiyofanya kazi yoyote miaka yote hiyo.

Kanuni ni hii: skrini mbili zenye picha tofauti huhitaji matundu mawili ya skrini kwenye kompyuta. Ukipata mawili, endelea. Ukipata moja tu, soma sehemu ya mwisho kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 2: Nunua kebo sahihi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kununua kigawanyaji, yaani ile kebo ya VGA au HDMI yenye kichwa kimoja upande mmoja na viwili upande wa pili. Kifaa hicho hugawa picha moja kwa skrini mbili. Utaona kitu kilekile kushoto na kulia, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaobadilisha hali hiyo, kwa sababu kompyuta haijui kuwa kuna skrini mbili. Kinafaa kwa runinga mbili za hotelini, lakini hakimfai anayetaka fomu huku na stakabadhi kule.

Kosa la pili ni kusahau kwamba adapta huwa na mwelekeo. Adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI hupeleka picha kutoka kompyuta yenye DisplayPort hadi skrini yenye HDMI. Haiwezi kurudi nyuma. Ukiwa dukani usiseme tu "nataka adapta ya HDMI na DisplayPort". Sema: "Kompyuta yangu ina DisplayPort, skrini yangu ina HDMI."

Kosa la tatu ni kudhani VGA ni sawa na hayo mengine. VGA ni teknolojia ya mwaka 1987, na hubeba picha kwa mfumo wa analogi. HDMI na DisplayPort hubeba picha kidijitali. Ili kutoka HDMI au DisplayPort hadi skrini ya VGA, unahitaji adapta yenye saketi ya kubadilisha ndani yake. Waya mtupu wenye vichwa viwili tofauti hautatosha. Vilevile, tundu la DVI la aina ya DVI-D halitoi picha ya VGA hata ukilifungia kichwa kinachoonekana kufanana.

Ikiwa skrini yako ina tundu sawa na la kompyuta, epuka adapta kabisa. Kebo iliyonyooka ni nafuu na haina mengi ya kuharibika. Na ukienda dukani, piga picha ya nyuma ya kompyuta na ya nyuma ya skrini kwa simu yako. Picha mbili hizo zitakuokoa nauli ya kurudi.

Hatua ya 3: Unganisha

1. Hifadhi kazi yako, zima kompyuta na skrini zote mbili.
2. Unganisha skrini ya kwanza kama kawaida.
3. Unganisha ya pili kwenye tundu jingine. Kaza skrubu za VGA na DVI kwa vidole tu. Usilazimishe kichwa kisichoingia. Kigeuze uangalie pembe zake.
4. Washa skrini kwanza, kisha kompyuta.
5. Kwenye vitufe vya skrini ya pili, chagua tundu ulilotumia. Skrini iliyosubiri HDMI haitaonyesha kitu kinachoingia kwa VGA.

Kompyuta ikiwa inawaka, huenda maandishi ya mwanzo yakaonekana kwenye skrini moja tu. Usihofu. Ya pili huamka Windows ikishafunguka.

Neno kuhusu kebo ya DisplayPort: vichwa vyake vingi vina kitufe kidogo cha kufunga. Kibonyeze kabla ya kuchomoa. Anayevuta kwa nguvu anaweza kung'oa tundu zima kwenye bodi ya kompyuta.

Hatua ya 4: Panga skrini

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Utaona chaguo nne: "PC screen only", kutumia skrini ya kwanza pekee, "Duplicate", kunakili picha ileile kwenye zote mbili, "Extend", kupanua meza yako ya kazi ienee kwenye skrini mbili, na "Second screen only", kutumia ya pili pekee. Chagua "Extend".

Kisha bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini na uchague "Display settings". Utaona miraba miwili yenye namba 1 na 2. Bonyeza "Identify", na kila skrini itaonyesha namba yake. Ikiwa namba 2 iko kushoto kwako mezani lakini iko kulia kwenye mchoro, ivute hadi upande wake wa kweli. Usipofanya hivyo, kipanya kitagonga ukutani upande mmoja na kutokea upande usioutarajia.

Bofya mraba wa skrini iliyo mbele yako na uweke alama kwenye "Make this my main display". Mwishowe, bofya kila mraba na uchague ukubwa wa picha ulioandikwa "Recommended". Skrini za zamani za umbo linalokaribia mraba mara nyingi hutumia 1280 kwa 1024, na zile pana 1920 kwa 1080. Si lazima zifanane. Kila moja ipewe ukubwa wake, la sivyo herufi zitaonekana zimevutwa au zina ukungu.

Wanaotumia Ubuntu wafungue "Settings", kisha "Displays", na wachague "Join Displays".

Kunakili au kupanua? Hapa kuna siri ya mteja

Tuseme wewe ni mwenye saiba. Umeamua kuigeuza skrini ya pili imwelekee mteja, ili asome jina lake, namba ya kitambulisho na namba ya simu kabla hujatuma ombi. Hilo ni wazo zuri sana. Mteja anayejionea mwenyewe hupata kosa lililokupita wewe, na baadaye hakuna ubishi juu ya nani alikosea.

Lakini ukitumia "Duplicate", mteja ataona kila unachokiona wewe: faili za aliyetangulia, barua pepe yako, ujumbe unaochomoza. Na aliyeketi kwenye benchi nyuma yake ataona pia. Ukitumia "Extend", skrini ya mteja hubaki tupu hadi wewe uvute dirisha moja na kulipeleka kwake. Anaona fomu yake, haoni kingine.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu kuzilinda. Kwa mwenye saiba, sheria hiyo huanzia kwenye mpangilio huu mdogo. Fuata mambo haya:

Skrini kuu iwe yako, si ya mteja. Arifa za Windows kwa kawaida hutokea kwenye skrini kuu.

Ili kuhamisha dirisha haraka, bonyeza kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kulia au kushoto kwa pamoja.

Mteja akimaliza, funga fomu yake kabla ya kumwita anayefuata. Programu nyingi hukumbuka mahali zilipofungwa, kwa hiyo angalia dirisha jipya limefungukia skrini ipi.

Tumia dirisha la faragha la kivinjari kwa kila mteja. Bila hivyo, ukianza kuandika tarakimu mbili za kitambulisho, kivinjari kinaweza kupendekeza namba za wateja wa jana, mbele ya macho ya mteja wa leo.

Skrini ya pili isielekee mlangoni wala dirishani.

Nawe mwananchi unayeketi upande wa pili wa meza, una haki ya kuomba uonyeshwe fomu yako kabla haijatumwa. Usione haya kusema, "Hebu nisome kwanza." Soma namba moja baada ya nyingine ukilinganisha na kitambulisho ulichoshika mkononi.

Skrini ya pili ikikataa kuonekana

Anza na yaliyo rahisi. Je, ina umeme? Kebo imekaza? Umechagua tundu sahihi kwenye vitufe vyake? Badilisha kebo za skrini zote mbili. Tatizo likihama pamoja na kebo, kebo ndiyo mbovu. Likibaki kwenye skrini ileile, chunguza skrini.

Kisha fungua "Display settings", tafuta sehemu ya "Multiple displays" na ubonyeze "Detect".

Ikiwa bado, bonyeza kitufe cha kulia kwenye alama ya Windows, fungua "Device Manager", na utazame chini ya "Display adapters". Ukiona "Microsoft Basic Display Adapter", maana yake draiva ya grafiki haijawekwa. Hali hii hutokea mara nyingi baada ya fundi kuweka Windows upya. Unganisha intaneti, endesha Windows Update, au pakua draiva kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta. Usipakue kutoka tovuti usizozijua zinazoahidi kurekebisha draiva zote kwa mbofyo mmoja.

Kuna hali nyingine: kompyuta iliyowekewa kadi ya grafiki. Mashine nyingi zikiona kadi huzima matundu ya grafiki ya ndani. Ukichomeka skrini moja kwenye kadi na nyingine kwenye bodi, moja itabaki nyeusi. Suluhisho rahisi ni kuchomeka zote mbili kwenye kadi. Ukihitaji zote zifanye kazi, fundi anaweza kutafuta kwenye BIOS mpangilio unaoruhusu grafiki ya ndani kuendelea, kama mashine hiyo inao.

Wenye laptopu

Laptopu yenye HDMI tayari ina skrini mbili: yake na ya nje. Chomeka, bonyeza Windows na P, chagua "Extend". Kuhusu tundu la USB-C, usikimbilie kununua adapta. Si kila USB-C hutoa picha. Tafuta alama ya DisplayPort au ya Thunderbolt kando ya tundu, au soma maelezo ya modeli yako. Lililo la data na chaji pekee halitaonyesha kitu.

Umeme na mwili wako

Skrini ya LED ya inchi 22 hivi mara nyingi hutumia kati ya wati 15 na 30. Tuchukue wati 25. Kwa saa 8 kwa siku ni wati-saa 200, na kwa siku 26 za kazi ni yuniti 5.2 za umeme kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa, nawe utajua gharama yake. Soma pia kibandiko cha nyuma, kwa kuwa skrini nzee hula zaidi. Kama unatumia UPS, jua kwamba skrini ya pili itapunguza muda wake.

Weka skrini unayoitazama zaidi mbele yako kabisa, umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukilingana na macho. Ya pili ikae kando, imeinamishwa kukuelekea. Ukizitumia sawasawa, mpaka wa kati uwe mbele ya pua. Shingo iliyopinda kutwa nzima hukudai usiku.

Ni lini ununue kitu kingine?

Kama kompyuta ya mezani ina tundu moja tu la skrini, una njia mbili: kadi ndogo ya grafiki, au adapta ya USB ya kutolea picha. Adapta hiyo huhitaji draiva yake na hutosha kwa maandishi na fomu, ila si nzuri kwa video nzito. Kabla ya kununua kadi, pima nafasi ndani ya kasha, kwa sababu mashine nyembamba huhitaji kadi fupi. Kwa michezo mikubwa au kuhariri video kila siku, kadi ina maana. Kwa kujaza fomu, kuandika barua na kupiga hesabu, grafiki ya ndani inatosha.

Kumbuka haya matano

1. Tazama nyuma ya kompyuta kabla ya kwenda dukani.
2. Picha mbili tofauti zinataka matundu mawili. Kigawanyaji hakitoshi.
3. Adapta ina mwelekeo: taja kompyuta ina nini, skrini ina nini.
4. Chagua "Extend", na skrini kuu iwe yako.
5. Mwonyeshe mteja fomu yake pekee, na umwache asome kabla ya kutuma.

Zoezi la nyumbani: leo jioni geuza kompyuta yako, hesabu matundu ya skrini, na uandike majina yake kwenye karatasi. Kisha fanya hivyo kwa skrini yoyote iliyolala stoo bila kazi. Huenda ukagundua kwamba kilichokuwa kinakosekana ni waya mmoja.